Mguu wa Nafula Kwenye Bango

Jumanne, 25 Aprili

Sikukuu imeisha, wazimu umeanza. Madam anataka kuingia baraza la manispaa!

Ameniambia leo tukitoka shuleni kwake, mimi usukanini, yeye kiti cha nyuma, simu mbili mkononi. Cherotich, nitagombea. Nikasema mabruk, Madam. Nilidhani ni kamati ya walimu, maana yeye ni naibu mwalimu mkuu na kila mwaka kuna kamati fulani. Kumbe manispaa yenyewe. Uchaguzi wa Juni. Mabango, mikutano, kila kitu.

Halafu tukiwa kwenye taa nyekundu, kwa ile sauti yake ya chini: likizo yako ya Juni tutaisogeza kidogo, sawa? Baada ya uchaguzi.

Kidogo! Miaka miwili sijaiona Kericho. Nimeendesha lori la majani chai kwenye matope miaka sita na sikuwahi hata mara moja kutamani kushuka na kuliacha katikati ya barabara. Leo nilitamani.

Nafula amenicheka. Yeye ndiye mpishi wa hapa, mtu wa Bungoma, tunalala chumba kimoja nyuma ya jikoni. Anasema nishukuru, mimi nitakaa ndani ya gari na AC. Yeye atapikia wapiga kura wote wa huku kwetu Umm Salal.

Ijumaa, 28 Aprili

Sijui hata nianzie wapi. Kichwa kinauma.

Shida ni hii. Rashid, binamu yake Madam, naye anataka kugombea. Jamii moja, wagombea wawili. Kura zitagawanyika, na mtu wa jamii nyingine atapita katikati akicheka. Kwa hivyo wazee wamesema, tuchague mmoja nyumbani kwanza. Sawa. Jambo la maana kabisa. Lakini nani achague?

Mzee Mubarak, baba yao mdogo, anasema kila nyumba kura moja na mwenye nyumba ndiye anayepiga. Madam anasema hapana. Kwenye uchaguzi wenyewe mwanamke anapiga kura yake kwa mkono wake, vipi nyumbani anyimwe? Kila aliyejiandikisha, kura yake.

Basi wakakubaliana wapige kura ya kuamua namna ya kupiga kura. Na hapo ndipo wakabishana saa nzima — katika hiyo kura ya kuamua kama wanawake watapiga kura, wanawake wapige kura au wasipige?!

Saa nzima! Nilikuwa upande wa wanawake nabeba chupa za kahawa, kwa sababu mikono ya Nafula ilikuwa imejaa. Wanaume wako majlisi, sebule yao ya wageni, ng'ambo ya ua. Wanazungumza na wanawake kwa simu, imewekwa juu ya mto kwa sauti kubwa. Mzee Mubarak anakohoa, Madam anajibu kwa sauti ya darasani, mara mtandao unakatika, wanaanza upya. Mwishowe Bwana Saad, mumewe Madam, mtu ambaye hasemi neno wiki nzima, akasema wote wapige mara hii moja, na atakayeshindwa anyamaze. Nafikiri alikuwa na njaa tu.

Wakapiga kwa kokwa za tende. Bakuli la buluu: kila mtu kura yake. Bakuli jeupe: kila nyumba kura moja. Nafula akazungusha mabakuli kwa wanawake, akavuka ua, akazungusha kwa wanaume. Watu ni thelathini na tisa. Kokwa zilipohesabiwa — arobaini na sita!

Wueh. Kelele! Rashid anauliza nani ameongeza. Mzee Mubarak anaapa kwamba hii ndiyo sababu hakutaka mambo haya. Mama mmoja amesimama anavaa abaya yake aende. Nami namtazama Nafula, naona uso wake unabadilika rangi.

Alikuwa anaondoa sahani. Akakuta kokwa za watu waliokula, akaona bakuli lenye kokwa, akamwagia humo. "Si nilidhani ni taka!"

Akaenda akamwambia Madam mwenyewe. Madam akafunika uso. Kisha akawaeleza wanaume kwenye simu, tukamsikia Mzee Mubarak akicheka mpaka akapaliwa. Wakarudia kwa karatasi za daftari. Ishirini na mmoja kwa kumi na wanane. Kila mtu kura yake.

Kwenye kiwanda cha chai kwetu wakulima waligombana miaka na miaka kama kura iwe ya mtu au ya hisa. Lakini hata sisi hatukufika hapa.

Jumapili, 30 Aprili

Wamechagua, nyumbani kwa Mzee Mubarak. Madam ishirini, Rashid kumi na tisa. Kura moja!

Rashid alisimama, akambusu mzee kichwani, akampongeza Madam mbele ya wote na kusema yeye mwenyewe ataongoza kampeni yake. Nilimwona ni muungwana kweli. Madam alilia njia nzima kurudi, kilio cha furaha. Bila tishu, akatumia kitambaa changu cha kufutia vioo.

Jumanne, 9 Mei

Leo Madam alikuwa anaandika ahadi zake kwenye gari. Akainua kichwa. Cherotich, wewe uko barabarani kutwa. Ingekuwa wewe, ungeanza na nini?

Miaka minne hajawahi kuniuliza kitu ila zimebaki dakika ngapi.

Nikamwambia. Barabara kubwa mbele yetu. Njia tatu kwenda, tatu kurudi, na kutoka mzunguko huu hadi ule hakuna zebra wala taa. Upande wa pili kuna duka, famasi, dobi, na kituo cha basi. Upande wetu kuna majumba na watu wote wanaoyapikia, kuyafagia na kumwagilia maua yake. Nafula anavuka mara nne kwa siku. Mikate, mayai, dhania. Anakimbia hadi katikati, anasimama kwenye ule ukingo mwembamba na mifuko yake, anangoja Mungu amfungulie. Nimempita mara ngapi nikiwa na abiria! Abiria hawaoni. Wanatazama simu.

Madam akaandika. Kivuko na taa — namba moja. Akanisomea, akauliza kama amekiweka sawa.

Nimefurahi siku nzima. Na nimejikasirikia kwa kufurahi hivyo.

Jumamosi, 27 Mei

Wamekitoa.

Nilikuwa nawapeleka Industrial Area kwa mwenye mashine ya kuchapa mabango. Rashid mbele, Madam nyuma. Rashid ameshika karatasi.

"Hii ya kivuko itoke," akasema.

"Kwa nini? Ndiyo ya kwanza."

"Hessa. Nani anavuka ile barabara kwa miguu? Nitajie mpiga kura mmoja."

Madam akafikiri. Nilimwona kwenye kioo. Akafikiri kwa kweli, si kwa kujifanya.

"Watoto wa jirani—"

"Wana dereva."

"Umm Faisal."

"Umm Faisal hajatembea tangu ahamie hapa. Mmoja tu, Hessa. Nitajie, nakiacha."

Malori kila upande, vumbi, joto limefika arobaini na tatu. Mimi natazama mbele kama sijui Kiarabu. Ni rahisi. Hawanidhanii kuwa naelewa.

Basi badala yake ni kivuli kwenye maegesho ya msikiti, na taa mpya za bustani. Rashid aliposhuka, Madam akanisogelea begani. Nikishinda nitakijenga, Cherotich. Lakini kwanza lazima nishinde. Nikasema inshallah. Ningesema nini kingine?

Nimemwambia Nafula kwa hasira. Yeye akatikisa bega. "Sasa ulitaka aseme nini? Ukweli si ndio huo. Mimi si mpiga kura." Akachukua mfuko, akaenda kununua dhania.

Alhamisi, 1 Juni

Mabango yametoka. Madam mzuri. Nimeambiwa niyabandike kwenye vioo vya gari, halafu nikaambiwa niyabandue kwa sababu haijulikani kama inaruhusiwa, halafu niyabandike. Gundi imenikaa kwenye kucha.

Jumanne, 6 Juni

Mkutano wa kampeni ulikuwa uani kwetu.

Wanawake sitini leo alasiri. Nafula hawezi kupikia sitini peke yake, kwa hivyo Madam akaagiza chakula hotelini kije kwa pikipiki, na Nafula abaki na vinywaji. Saa kumi na nusu ndimu zikaisha. Madam akatokea jikoni mara moja tu, amevaa vile vizuri, maikrofoni mkononi: "Nafula, ndimu, haraka, tafadhali."

Mimi nilikuwa langoni napanga magari. Nilisikia breki. Sauti ndefu, kisha kishindo.

Nimekimbia na viatu vya mpira, kimoja kikatoka, sikurudi kukichukua. Nafula amelala kando ya ukingo, mguu wa kulia umekaa vibaya. Vibaya. Ndimu zimebiringika hadi njia ya tatu, magari yanazikanyaga. Na mwenye pikipiki amepiga magoti pale kwenye lami ya moto, anasema nisamehe, auntie, nisamehe — kwa Kiswahili! Mkenya! Collins, mtu wa Nakuru, mwanamume mzima mwenye ndevu, analia kama mtoto. Anasema hakumwona. Alikuwa anatafuta namba ya nyumba.

Sanduku lake limefunguka. Nikaona karatasi imebandikwa kwenye chakula. Jina la Madam. Ni nyumba yetu aliyokuwa anaitafuta.

Nafula alinishika mkono. "Ndimu," akasema.

Nikamwambia anyamaze. Nikamkinga jua kwa kitu cha kwanza nilichopata, nacho kilikuwa bango. Ambulensi ilifika baada ya dakika kumi na moja. Nimehesabu kila moja. Kutoka uani kwetu sauti ya Madam ilikuwa inakuja juu ya ukuta, anaeleza mambo ya taa za bustani.

Jumatano, 7 Juni

Upasuaji umeenda vizuri. Vyuma viwili ndani ya mguu. Plasta hadi juu ya goti.

Polisi alikuja kuchukua maelezo. Nafula akamwambia ni yeye aliyekimbia bila kutazama. Uongo! Anatazama kila mara, namjua! Nilitaka kusema, akanikodolea macho. Polisi alipoondoka nikamuuliza ana akili kweli. Akasema Collins ana watoto watatu, na yeye mguu utapona.

Jana usiku Madam alikaa kando ya kitanda kwa saa mbili. Alikuwa bado na beji ya kampeni kifuani, na kila nesi aliyepita aliisoma.

Jumapili, 11 Juni

Nimeshuhudia jambo leo. Naliandika lote.

Kivuko kimerudi! Namba moja! Kwa sababu gani? Kwa sababu mtaa mzima unazungumza habari za ajali. Wanawake walitoka kwenye mkutano wakakuta damu kwenye lami, na sasa kila nyumba inauliza Hessa atafanya nini. Rashid alikuja hospitali na wazo lake. Bango jipya. Picha ya Madam na Nafula, na plasta yake. Akalieleza kwa Kiingereza cha haraka, anamtazama Madam, hamtazami Nafula. Nafula Kiingereza anajua, ila Rashid anapokimbia hivyo hampati. Kwa hivyo nikawa mkalimani.

"Mwambie picha atapata," Nafula akaniambia. "Lakini kwanza apige simu kwa kampuni ya Collins."

Maana polisi walimwachilia Collins, lakini kampuni imemnyang'anya pikipiki. Amekaa kwenye kambi ya wafanyakazi anangoja kurudishwa nyumbani.

"Nafula, huyu ndiye aliyekuvunja mguu," nikamwambia.

"Alikuwa analeta chakula chetu. Mimi nilikuwa nachukua ndimu zetu. Wewe tafsiri."

Nikatafsiri. Rashid akasema hilo si jambo la kampeni. Kila kampuni ina sheria zake. Baada ya uchaguzi tutaona.

Nafula hakungoja nitafsiri. Akavuta shuka polepole, akaufunika mguu. Wote tukabaki tunatazama shuka.

Madam ndiye aliyetangulia kucheka, lakini si kicheko cha furaha. Akachukua simu, akatoka kwenye korido. Nilimwona kupitia kioo cha mlango, anatembea, anarudi, mkono hewani. Sauti ya darasani. Dakika ishirini. Rashid anatazama saa yake. Nafula amefumba macho kama amelala, lakini kidole gumba cha mguu mzima kinacheza.

Madam akarudi. Kesho Collins anarudi kazini, akasema. Si pikipiki kwanza, watamweka stoo.

Nafula akafumbua macho, akalivuta shuka upande, mguu ukatoka.

Jumanne, 13 Juni

Nafula yuko nyumbani, kwenye kiti cha magurudumu. Ameshuka kutoka kwenye gari langu kama rais. Kwa ajili ya picha amepaka lipstiki yangu, ile nyekundu, bila kuniomba.

Mpiga picha alitaka aonekane na huzuni. Nafula akaniuliza, huzuni gani? Wiki nzima nimelala bila kupika. Mpiga picha akasema afikirie kitu kibaya. Akajaribu. Akacheka. Akajaribu tena, akacheka zaidi, Madam naye akaanza, na zile picha za mwisho wote wawili wanacheka midomo wazi. Nilitamani ningepata moja. Ni picha nzuri kabisa.

Rashid hakucheka.

Jumapili, 18 Juni

Mguu tu! Mguu!

Nimepita mzunguko leo asubuhi nikaliona bango jipya. Nikazunguka tena kuhakikisha. Madam upande mmoja, uso wa huruma. Upande wa pili — plasta. Kuanzia goti hadi vidole. Nafula mwenyewe wamemkata. Hakuna uso, hakuna lipstiki, hakuna jina. Mguu umesimama peke yake hewani kama umetoka dukani.

Nilimuuliza Madam nikashindwa kuficha sauti. Akatazama dirishani. Rashid alisema uso unavuruga macho, watu watauliza ni nani, anatoka wapi. Mguu ni wa kila mtu. Ndivyo alivyosema. Mguu ni wa kila mtu!

Mbona wangu hauko?

Nilikuwa nimejiandaa kumtuliza Nafula. Nikampeleka kwenye mzunguko kwa gari alione mwenyewe, afadhali alione na mimi. Akatazama muda mrefu. Kisha akaanza kucheka, akashika mbavu, machozi yakatoka. "Jameni, Cherotich! Mguu wangu unagombea! Mimi sina kura, lakini mguu una bango!"

Alicheka mpaka nyumbani. Mimi nilishindwa. Nilipomshusha aliniomba nimwache kidogo pale kivulini, peke yake.

Jumatano, 21 Juni

Nimepewa orodha. Wanawake kumi na saba wa jamii, niwapeleke kituoni kupiga kura kesho, safari tano. Majina, nyumba, saa. Madam ameiandika kwa mkono wake, na kando ya kila jina ameweka alama ndogo. Alama ina maana gani? Sikuuliza. Madam hali kitu, hakai chini. Nafula kamchemshia tangawizi akiwa amekaa kwenye kiti chake, mguu juu ya gunia la mchele.

Alhamisi, 22 Juni

Saa mbili na nusu asubuhi. Nimeegesha nje ya shule ambapo wanawake wanapigia kura. Safari ya kwanza, wanne. Watatu wameingia, mmoja amesahau kitambulisho. Bila shaka! Kilikuwa kwenye mkoba mwingine. Narudi naye.

Saa nne. Kilikuwa kwenye mkoba huu huu. Amekaa juu yake. Mungu wangu.

Saa sita. Safari ya tatu. Mama mmoja ameuliza kama naweza kuegesha ndani, karibu na mlango, sababu ya jua. Polisi amekataa. Mama akamwambia polisi anamjua mama yake. Tumeegesha ndani.

Saa nane na nusu. Niandike haya kabla sijaanza kudhani nimeyaota.

Safari ya nne nilikuwa na wawili tu. Mama yake Rashid, na dada yake huyo mama. Walipotoka kupiga kura wakakaa nyuma wakashusha pumzi. Yule dada akasema kwa Kiarabu, Hessa atafurahi. Mama yake Rashid akajibu taratibu, anapepea uso wake kwa karatasi. Hessa hatapita. Rashid ameshawaambia wanaume wampe kura yule mwingine, wa jamii ya upande wa kaskazini. Walikubaliana tangu juzi. Hessa amepewa heshima yake, amepata mabango, inatosha.

Dada akauliza, na wewe?

"Mimi nimempa Hessa," mama yake Rashid akasema. "Usimwambie mwanangu."

Wakacheka kidogo, wote wawili. Kisha wakanyamaza hadi nyumbani. Nilipomfungulia mlango, mama yake Rashid aliniambia shukran, kama kawaida, akanigusa mkono, sijui kwa nini. Labda alitaka kujishikilia tu.

Nimekaa hapa nje ya nyumba yao na AC, jasho linanitoka. Kila mtu kura yake, walisema. Walipiga mara mbili! Kwa karatasi! Nilibeba kahawa ya siku ile!

Saa tisa kasoro robo. Nimempigia Madam. Yuko nje ya kituo anasalimia watu, nyuma kuna kelele. Nikasema Madam, kuna jambo. Akasema baadaye, habibti, baadaye, wewe niletee wanawake tu, unafanya vizuri sana. Ameniita habibti, mpenzi wake. Miaka minne. Akakata.

Nikampigia tena. Hakushika.

Saa tisa na dakika kumi na tano. Rashid amekuja hadi dirishani kwangu. Mtulivu, miwani ya jua. Umebaki na wangapi? Nikasema wanne, wake za watoto wa Mzee Mubarak, safari ya tano. Akasema waache. Joto ni kali, wana watoto wadogo, wanne hawabadilishi kitu. Lipeleke gari likaoshwe, jioni kutakuwa na wageni.

Nikasema sawa, sir.

Akaondoka. Nikawasha gari. Mahali pa kuoshea magari ni kulia.

Saa tisa na nusu. Bado niko kwenye makutano, nimeegesha pembeni, taa za dharura. Nafikiri. Hii si kazi yangu. Mimi si raia, sina kura, likizo yangu iko mikononi mwa watu hawa. Rashid akiuliza nitasema nini? Nilielewa vibaya? Na Madam — huyo huyo aliyekubali mguu bila uso. Sisemi yeye ni malaika. Hata akishinda, nani ajuaye kama kivuko kitakuja. Atasema kwanza hiki, kwanza kile. Tena wanaume wameshapiga. Kura nne! Zitafanya nini?

Lakini alichukua simu akatoka kwenye korido. Dakika ishirini. Nilimwona.

Saa kumi na dakika tano. Niko mbele ya nyumba ya Mzee Mubarak. Sikwenda kulia.

Nimepiga honi mara mbili. Dirisha la juu likafunguliwa, akatokeza mmoja wao, yule mdogo anayeitwa Dana. Tulidhani umetusahau! Tuko tayari tangu adhuhuri! Nikamwambia mfanye haraka, kituo kinafungwa saa kumi na moja. Na kwenda ni dakika ishirini kama mizunguko haijajaa. Imejaa. Leo yote imejaa.

Saa kumi na dakika kumi na mbili. Rashid anapiga simu. Nimeiweka kwenye kiti, uso chini. Inatetemeka inasogea yenyewe kwenye ngozi ya kiti.

Hawatoki. Kuna mtoto analia ndani. Nasikia wanatafuta nani atamshika.

Imeacha. Imeanza tena.

Saa kumi na dakika kumi na tisa. Nimeshuka nikagonga mlango kwa ngumi, kama sijui adabu. Dana akafungua, abaya nusu, mtoto begani, akasema mtoto hana wa kumshika, msichana wa kazi amekwenda dukani upande wa pili, bado hajarudi. Nikasema mje naye. Nitamshika mimi, kwenye gari, mkiwa ndani. Akanitazama. Akawaita wenzake kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo.

Saa kumi na dakika ishirini na mbili. Wawili wamepanda nyuma. Dana amekaa mbele, mtoto mapajani kwake, mtoto anavuta kalamu hii. Wa nne amerudi ndani kuchukua kitambulisho. Simu inatetemeka. Dana ameigeuza, amesoma jina, amenitazama.

Ameniuliza kama tuiache tu, au aishike yeye.